Jinsi ya kupima rekodi ya mgombea urais

Msimu wa kampeni ukifika, kila aliyewahi kushika madaraka hugeuka mjenzi wa barabara, tabibu na mwokozi wa uchumi. Kazi yangu ni kupembua madai hayo kwa ajili ya wanahabari, na utaratibu ninaoutumia unahitaji intaneti, daftari na subira tu. Msingi wake ni huu: mtu hupimwa kwa uamuzi uliokuwa mikononi mwake. Mvua ikinyesha vizuri yeye akiwa waziri wa kilimo, hilo si lake.

Hatua ya 1: Vyeo na tarehe

Wasifu uliochapishwa na timu ya kampeni uweke kando. Tafuta gazeti la serikali, tovuti ya bunge au taarifa za uteuzi, uandike siku aliyoingia na siku aliyotoka katika kila cheo. Angalia mapengo, na namna alivyoondoka: alijiuzulu, alihamishwa au alitumbuliwa? Anza na mgombea unayempenda wewe mwenyewe. Ukianza na usiyempenda, utachoka kabla hujamfikia wako.

Hatua ya 2: Mamlaka

Mbele ya kila cheo andika mambo aliyoweza kuyaamua. Mbunge hutunga sheria, hupitisha bajeti na kuisimamia serikali. Kukata utepe hakumfanyi kuwa ndiye aliyejenga barabara. Nchini Kenya, Katiba ya 2010 ilizipa kaunti huduma za afya na barabara za kaunti, ila shule za sekondari na hospitali za rufaa za kitaifa zikabaki kwa serikali kuu. Kwa hiyo aliyekuwa gavana akijisifia matokeo ya kidato cha nne, mfutie. Akilaumiwa kwa zahanati isiyo na dawa, hapo ana la kujibu.

Hatua ya 3: Likate dai kubwa vipande vipande

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Tumchukue Lula wa Brazil, aliyekuwa rais kuanzia 2003 hadi 2010, kisha akagombea tena na kushinda mwaka 2022. Wanaomsifu hupenda kutaja kwamba mwaka 2010 uchumi ulikua kwa takribani asilimia 7.5. Takwimu ni sahihi. Sasa uliza maswali matatu.

Mwaka uliotangulia ulikuwaje? Mwaka 2009 uchumi wa Brazil ulinywea kidogo kutokana na msukosuko wa fedha duniani, hivyo sehemu ya ukuaji wa 2010 ilikuwa ni kufidia kilichopotea.

Majirani je? Mwaka huohuo Peru, Uruguay na Argentina nazo zilikua kwa zaidi ya asilimia 7. China ilikuwa ikinunua madini na soya kwa wingi, na bei zilikuwa nzuri kwa kila muuzaji. Majirani wote wakipanda pamoja, usimpe mmoja sifa ya wote. Vivyo hivyo, usimtwishe Lula peke yake mzigo wa 2009.

Uamuzi upi ulikuwa wake? Hapo utakutana na Bolsa Família, mpango ulioanzishwa Oktoba 2003 wa kuzipa familia maskini fedha kwa masharti, kama vile watoto kuhudhuria shule na kupata chanjo. Usiishie hapo. Mpango huo uliunganisha mingine iliyokuwepo, ukiwamo Bolsa Escola wa mtangulizi wake, Fernando Henrique Cardoso. Kwenye daftari langu naandika: “Alirithi, akaunganisha, akapanua hadi familia zaidi ya milioni 10.” Ni sifa ya haki kabisa, ingawa ni fupi kuliko ile ya jukwaani.

Hatua ya 4: Fuata fedha

Fungua ripoti ya mkaguzi mkuu na uanze kwa kuangalia inahusu mwaka gani. Tanzania, ripoti ya CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) inayomfikia Rais mwishoni mwa Machi huhusu mwaka wa fedha ulioisha Juni 30 ya mwaka uliopita. Waziri aliyeteuliwa Januari anaweza kubebeshwa madudu ya mwenzake.

Usibabaishwe na hati safi. Hiyo hueleza kwamba hesabu zimeandaliwa ipasavyo. Haisemi kama fedha zilitumika kwa busara. Mimi huruka moja kwa moja hadi kwenye utekelezaji wa mapendekezo ya miaka ya nyuma. Hoja moja inayojirudia mwaka hadi mwaka chini ya mkuu yuleyule ina uzito kuliko hoja kumi mpya. Halafu linganisha bajeti iliyopitishwa na fedha zilizotolewa, maana kuna miradi iliyokufa kwa sababu hazina haikutoa hata senti.

Hatua ya 5: Kura alizopiga

Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya bunge, ni chungu kusoma lakini haina aibu. Oktoba 2002, Seneti ya Marekani iliidhinisha matumizi ya jeshi dhidi ya Iraq kwa kura 77 dhidi ya 23. Hillary Clinton alipiga ya ndiyo, na kura hiyo ilimwandama alipochuana na Barack Obama mwaka 2008. Obama alikuwa ameipinga vita hiyo hadharani, ila wakati huo hakuwa kwenye seneti ile, hivyo hakulazimika kupiga kura. Naye alisakamwa kwa sababu, akiwa seneta katika bunge la jimbo la Illinois, alipiga kura ya “nipo”, isiyo ndiyo wala hapana, zaidi ya mara 100. Kabla ya kumwita mwoga, soma mjadala wa kila muswada: katika bunge lile kura hiyo ilikuwa pia mbinu ya chama.

Hatua ya 6: Asiye na rekodi ya umma

Wapo. Donald Trump alishinda mwaka 2016 bila kuwahi kushika wadhifa serikalini wala jeshini. Kwa mgombea wa aina hiyo tafuta hukumu za mahakama, hesabu za kampuni alizoziongoza, madeni, na ushuhuda wa waliofanya kazi chini yake. Pale ambapo hakuna kitu, acha safu hiyo wazi. Usiijaze kwa ahadi za ilani.