Kabla Hujatuma Pesa Zaidi za Tokeni Nairobi

Simu ya Januari huwa ni ile ile. Mmekuja Krismasi, mmekula, mmecheka, mmepanda ndege mkarudi. Siku kumi baadaye mama anapiga: "Mwanangu, hizi tokeni za stima zina nini? Juzi tu nimeweka za elfu moja na leo meta inalia." Wewe uko ndani ya basi, umetoka zamu ya usiku, unafungua simu na kumtumia elfu tatu. Februari anapiga tena. Machi pia.

Nilituma hizo elfu tatu kwa miaka tisa nikiwa Leeds. Sasa nimerudi, naishi na mama mtaa wa Umoja, Nairobi, na meta iko ukutani mita mbili kutoka kitandani kwangu. Nawaandikia ninyi mlio huko kwa sababu nimegundua jambo lililonisumbua moyo: sehemu kubwa ya bili ya mama ilikuwa inatoka kwetu sisi watoto, kwa namna tunavyokuja, tunavyotuma pesa, na vitu tunavyomletea.

Mlioko Uingereza mnajua uchungu wenyewe. Aprili 2022 kikomo cha bei ya nishati kwa nyumba ya kawaida kiliruka kutoka pauni 1,277 kwa mwaka hadi pauni 1,971, na wengi wetu tukaanza kukaa sebuleni na makoti. Mwaka mmoja baadaye zamu ya Nairobi ikafika. Aprili 2023 EPRA, mamlaka inayosimamia nishati, ilipanga upya bei za stima ya nyumbani katika ngazi tatu. Anayetumia hadi yuniti 30 (yuniti moja ni kilowati-saa moja) kwa mwezi aliwekewa bei ya msingi ya Sh12.22 kwa yuniti, wa 31 hadi 100 akawekewa Sh16.30, na anayepita 100 akawekewa Sh20.97. Bei zenyewe zimeguswaguswa tangu hapo, lakini cha kuangalia ni ngazi. Zamani ngazi ya wanyonge ilifika hadi yuniti 100. Iliposhushwa hadi 30, kina mama wengi walijikuta wamepandishwa bei bila kuongeza hata balbu moja.

Juu ya bei ya msingi kuna gharama ya mafuta ya mitambo, marekebisho ya fedha za kigeni na ya mfumuko wa bei, tozo ya asilimia 5 ya kupeleka umeme mashambani, na VAT ya asilimia 16. Zile za mafuta na dola hubadilika kila mwezi. Ukame ukipunguza maji katika mabwawa ya mto Tana, mitambo ya mafuta inafanya kazi zaidi, na tokeni ya Umoja inapungua. Mapema 2024 shilingi ilipodondoka hadi karibu 160 kwa dola, wewe uliona pesa zako zimenona ukituma, kumbe udhaifu huo huo wa shilingi ulikuwa unamlia mama kwenye meta. Hayo hakuna mtu wa familia anayeweza kuyabadilisha. Ngazi ndiyo mnayoweza kuibadilisha, na hapo ndipo ninapoomba mnisikilize vizuri.

Mteja hupangiwa ngazi kwa wastani wa miezi mitatu, na bei ya ngazi hiyo inapigwa kwenye yuniti zote, si zile zilizozidi tu. Chukua bei za Aprili 2023. Nyumba yenye wastani wa yuniti 105 ililipa Sh2,201.85 kwa bei ya msingi. Ikishuka hadi 95, inalipa Sh1,548.50. Ni yuniti kumi tu, lakini ni tofauti ya zaidi ya Sh650 kila mwezi, kabla hata ya tozo na VAT. Kwa mama anayetegemea kodi ya chumba kimoja cha nyuma, hiyo ni unga na sukari.

Sasa rudi kwenye Krismasi. Tulikuwa watu tisa nyumbani kwa wiki tatu: maji ya moto asubuhi na jioni, nguo zinapigwa pasi, friji inafunguliwa kila dakika, chaja za simu hazichomolewi. Desemba ile ikaingia kwenye wastani wa miezi iliyofuata. Sisi tukaondoka, mama akabaki peke yake akinunua stima kwa bei ya watu tisa. Na kuna lingine tulilofanya kwa upendo. Kaka yangu alimnunulia tokeni za elfu kumi na tano kwa mpigo kama zawadi ya kuagana. Meta ya tokeni huhesabiwa kwa yuniti zilizonunuliwa, kwa hiyo zawadi ile ilimpandisha wastani. Ukitaka kumsaidia, mnunulie kila mwezi kiasi anachotumia mwezi huo. Nambari ya Paybill ya tokeni ni 888880, na nambari ya akaunti ni nambari ya meta yake. Ukiwa na laini ya Safaricom inayofanya kazi huko uliko, utaletewa ujumbe wenye tarakimu 20, umsomee au umtumie. Ujumbe huo usiufute. Gawa pesa kwa yuniti ulizopata, andika jibu mahali, na baada ya miezi mitatu utaona mwenyewe kama bei imepanda au matumizi ndiyo yamepanda. Ni matatizo mawili tofauti, na dawa zake ni tofauti.

Ndani ya nyumba, usianze na balbu. Anza na kinachopasha joto. Shawa ya umeme, ile inayopasha maji yakiwa yanapita, huvuta karibu wati 5,500. Dakika kumi chini yake ni yuniti 0.9. Watu wanne wakioga hivyo mara moja kwa siku, mwezi ukiisha ni yuniti 110, yaani shawa peke yake imewavusha kwenye ngazi ya juu kabla taa haijawashwa. Maji ya ndoo ya lita 15 yanayotosha kuoga hayahitaji hata nusu yuniti kupashwa. Sisemi mzee wa miaka sabini aoge maji baridi mwezi Julai; baridi ya Nairobi ya Julai naijua. Nasema: kama una pesa ya kufanya jambo moja kubwa nyumbani kwenu mwaka huu, weka hita ya sola juu ya paa, badala ya ile televisheni kubwa unayowaza. Kama pesa hiyo haipo, birika na ndoo vinatosha, na mama alikubali mwenyewe baada ya kuona hesabu kwenye karatasi.

Friji ilitupa kazi zaidi. Ilikuwa imekuja na kontena la rafiki wa kaka, imetumika, kubwa, na mama aliipenda sana. Usiku mmoja tuliamua kuipima. Tulichomoa kila kitu isipokuwa friji. Saa nne mama alivaa miwani, akasimama mbele ya kile kidude cha kubonyezea tokeni, akasoma polepole kama anayesoma Zaburi: "Kumi na nane, nukta, sita, mbili." Nikaandika. Saa kumi na mbili asubuhi akasoma tena: kumi na saba nukta moja nne. Karibu yuniti moja na nusu usiku mmoja, bila mtu kuifungua. Kisha akachukua noti ya shilingi hamsini, akaibana kwenye mlango wa friji, akaivuta. Ilitoka bila kushikwa hata kidogo. Mpira wa mlango ulikuwa umekakamaa upande wote wa chini. Fundi wa mtaani aliubadilisha, tukaisogeza friji kutoka ukutani ipate hewa nyuma, na tulipopima tena usiku uliofuata ilikula chini ya nusu ya ile ya kwanza. Kipimo hiki unaweza kumwongoza mama kukifanya kwa simu ukiwa Dallas au Doha. Kinataka usiku mmoja na kalamu.

Kwa hiyo kuhusu vitu mnavyotuma kwa kontena, nawasihi. Friji kuukuu, hita ya chumba, kikausha nguo, vyote hivyo ni mzigo unaomwachia mzazi alipe. Mlioko Marekani mna tatizo la ziada: vifaa vyenu ni vya volti 120 na stima ya Kenya ni volti 240, kwa hiyo mnatuma na transfoma, na transfoma ikiachwa kwenye soketi hula stima mchana na usiku hata kama mashine imezimwa. Iguse, utaikuta ina joto. Ukitaka kutuma kitu, tuma pesa ya balbu za LED. Ya wati 9 inafanya kazi ya ile ya zamani ya wati 60. Au nunua sufuria ya presha ya umeme.

Sufuria ya presha naisifu kwa sababu ya mahali tulipo. Nairobi iko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na huku maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Ndiyo maana maharagwe ya Nairobi hukaa motoni muda mrefu kuliko ya Mombasa. Presha inapandisha joto ndani ya sufuria, na githeri iliyolowekwa usiku kucha inaiva kwa chini ya saa moja. Mama alikuwa akiiogopa, anadhani italipuka. Tulipika naye mara tatu ndipo akaizoea. Usiitume tu ikae kwenye boksi juu ya kabati. Panga mtu wa kukaa naye siku ya kwanza.

Gesi haina hadithi ndefu. VAT iliondolewa kwenye gesi ya kupikia Julai 2023, lakini bei ya dukani inatofautiana, kwa hiyo mama aulize maduka mawili matatu. Mtungi upimwe kwenye mizani kabla ya kulipa: uzito wa mtungi mtupu umechapwa juu karibu na vali, uutoe kwenye uzito mzima, kinachobaki ndicho gesi. Na asishawishike na mtungi wa bei ya chini uliojazwa uani kwa mtu. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024 kituo cha kujaza gesi kisicho na kibali kililipuka Embakasi, watu wakafa na mamia wakajeruhiwa wakiwa majumbani mwao.

Kuna hatari nyingine inayoingia pale familia inapobana stima sana. Jiko la makaa linaingizwa chumbani usiku wa baridi, mlango unafungwa, na asubuhi watu hawaamki. Hewa ya sumu ya makaa haina harufu. Ukimwambia mzazi apunguze stima, mwambie na hili papo hapo, na umtumie blanketi nzito.

Kama wazazi wako wamepanga kwenye ploti, uliza swali moja mapema: meta ni yao au ni ya mwenye nyumba? Shangazi yangu alikuwa analipa bei ya juu kuliko sisi ilhali ana balbu mbili na redio. Vyumba vinane vilikuwa kwenye meta moja, kwa hiyo vyote kwa pamoja vilikuwa ngazi ya juu, na mwenye ploti aliongeza chake juu. Kumpunguzia matumizi hakungesaidia chochote. Tulichofanya ni kukaa na wapangaji wenzake, kwenda kwa mwenye ploti kwa adabu, na kuomba waone ujumbe wa tokeni kila mwezi. Alikataa mara mbili, mara ya tatu akakubali. Sasa wanalipa kilichoandikwa.

Na kwa wenye nyumba zilizofungwa: meta za tokeni zilihitaji kusasishwa kabla ya tarehe 24 Novemba 2024. Kama hakuna aliyeingiza tokeni kwenye nyumba yako tangu wakati huo, meta itakataa tokeni mpya. Ili kuisasisha, nunua tokeni ndogo. Ukipokea mafungu matatu ya tarakimu 20, jamaa aingize mawili ya kwanza kwa mpangilio ulioandikwa, kisha la tatu. Ikigoma, apige 97771, nambari ya Kenya Power, akiwa amesimama mbele ya meta. Fanya hivyo kabla hujakata tiketi.

Desemba hii tunatarajia watu saba. Tumeshakubaliana kwenye kundi la familia: wanaokuja wanaleta pesa za mtungi wa pili wa kilo 13 na za tokeni hadi mwisho wa Machi, zinunuliwe mwezi kwa mwezi. Mama ametundika daftari kando ya meta kwa uzi. Kila Jumapili baada ya kanisa anavaa miwani, anasoma nambari, anaandika.