Umehamia Tanga huna gari? Wala usiwaze

Basi la mkoani likikushusha stendi ya Kange, nje kidogo ya mji, usimkimbilie bajaji wa kwanza anayekung'ang'ania begi, panda daladala ya mjini, na nauli muulize abiria mwenzio sio konda. Mitaa ya Ngamiani, hapo mjini, ndo rahisi kabisa maana barabara zina namba, ukiambiwa ya 12 unahesabu tu. Ila mkombozi wa kweli ni baiskeli, mji wenyewe tambarare, hata wazee wa kanzu wanapiga pedeli (na wanakupita!), tafuta ya mtumba yenye keria, bana breki zote mbili uisukume kabla hujatoa hela, na kufuli usisahau. Jioni unateleza nayo mpaka Raskazone, kule baharini. Boda mwachie safari za usiku, bei mpatane mapema, ukishakaa umeliwa.