Gari mpya au iliyotumika? Mambo ya kuangalia kabla hujatoa fedha, Unguja na Pemba

Gari nyingi za visiwani hazifi injini, zinakufa kwa chini. Injini ya IST au Carina huwaka kila asubuhi miaka nenda miaka rudi, huku vizingiti vya milango vimeshatoboka, bomba la breki limevimba kutu, na ukiinua zulia la buti unaiona barabara. Upepo wa chumvi, unyevu usiokatika na vumbi la matumbawe hufanya kazi pamoja mchana na usiku, hata gari ikiwa imeegeshwa tu. Kwa hivyo anayejiuliza anunue mpya au iliyotumika aanze na suali hili: chuma cha gari hii kiko katika hali gani leo, na mimi nitakitunza vipi?

Halafu ajue kuwa "iliyotumika" ni gari za aina mbili zisizofanana. Iko iliyotumika Japani ikashushwa hapa na meli, na iko ya mkononi, iliyokwishasajiliwa kwa namba ya Z na kupita kwa mwenyewe mmoja, au kwa watano. Ya kwanza hujui nani aliiendesha, lakini ina karatasi zake. Ya pili karatasi zake ni chache, lakini kisiwa ni kidogo na gari hujulikana: fundi aliyeifungua injini yuko, na jirani aliyeiona ikivutwa na kamba yuko. Waulize.

Tuanze na mpya. Kwa gari ya zero kilomita unanunua miaka michache ya kutolala na wasiwasi, na kinachokupa utulivu huo ni waranti. Nyingi hutolewa kwa miaka mitatu au kilomita 100,000, kinachotangulia kufika, kwa sharti kuwa sevisi zote zifanywe kwenye gereji wanazozikubali walioitoa waranti. Hapo ndipo pa kuuliza: gereji hiyo iko Unguja, au ni lazima gari ivuke kwenda Dar es Salaam? Aliyeko Chake Chake au Wete ajumlishe nauli ya gari kwenye meli, kwenda na kurudi, kwa kila sevisi, ndipo alinganishe bei. Waranti isiyofikika haina kazi. Uliza pia kama waranti inagusa kutu, na usome maandishi yenyewe, kwani kutu ya kutoboka na kutu ya juu juu huandikwa tofauti.

Pikapu na gari kubwa mpya za dizeli zina jambo jingine. Nyingi za sasa zimefungwa chujio la masizi kwenye ekzosi, na chujio hilo hujisafisha kwa moto mkali wa safari ndefu. Kisiwa cha Unguja hakizidi sana kilomita 85 kutoka ncha hadi ncha. Gari inayotoka Fuoni kwenda Darajani na kurudi haipati joto hilo. Masizi hujaa, taa huwaka kwenye dashibodi, na gharama yake si ndogo. Kama safari zako ni za mjini, chukua ya petroli.

Na mpya nayo hailindwi na upya wake. Kabla haijaanza kazi ipakwe dawa ya kuzuia kutu chini na ndani ya vizingiti, ikiwa kavu kabisa. Msikubali oili chafu ya injini, mazoea ambayo bado yapo: oili hiyo hulainisha na kuvimbisha bushi na mipira ya chini, na vumbi hugandia juu yake likashika unyevu.

Sasa gari ya Japani, ambayo ndiyo wengi wetu tunainunua. Kule gari nyingi zilizotumika huuzwa mnadani, na kila moja hukaguliwa na kuandikiwa karatasi. Mtake muuzaji nakala ya karatasi hiyo. Picha zilizopigwa baada ya gari kuoshwa hazitoshi. Utaona daraja: 4.5 na 4 ni nzuri, 3.5 ina mikwaruzo na kazi ndogo ndogo, R au RA imewahi kugongwa ikatengenezwa. Kuna pia mchoro wa gari uliotiwa alama. A ni mkwaruzo, U ni kibonyeo, W ni pahala palipotengenezwa na kupigwa rangi upya, XX ni kipande kilichobadilishwa. Wanunuzi wengi husoma daraja na kilomita wakaishia hapo. Kwa mtu wa kisiwani herufi nzito ni S na C zilizo kwenye mchoro: S ni kutu, C ni kutu iliyokwisha kula chuma. (Usiichanganye na daraja la S, ambalo ni la gari iliyo karibu na mpya.) Gari ya daraja 4 yenye S chini ni mbaya kwetu kuliko ya 3.5 iliyojaa mikwaruzo, maana mkwaruzo utabaki mkwaruzo, lakini kutu iliyokwisha kuanza ikikutana na upepo wa Nungwi au Paje haisimami.

Kutu hiyo hutoka kwenye theluji. Kaskazini ya Japani, huko Hokkaido na Tohoku, barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo huruka chini ya gari msimu baada ya msimu. Juu rangi inang'aa, chini imeshaliwa. Agiza picha za chini kabla ya kulipa: fremu inayobeba injini, ekseli ya nyuma, mabomba ya breki, na bomba la kutilia mafuta. Muuzaji asiyetaka kuzituma ameshakujibu.

Namba ya chesesi iliyo kwenye karatasi ifanane na iliyogongwa kwenye chuma. IST yenye NCP60 ni ya injini ya lita 1.3, na NCP61 ni ya 1.5. Ukiambiwa moja ukaletewa nyingine, hesabu ya ushuru nayo huenda ikabadilika, maana ukubwa wa injini na umri wa gari vyote hutazamwa. Vuta mkanda wa kiti cha dereva mpaka mwisho: mara nyingi kuna lebo yenye mwaka mkanda ulipotengenezwa. Ikiwa mkanda ni wa baadaye kuliko gari, uliza kwa nini ulibadilishwa.

Kwa upande wa injini, za 1NZ na 2NZ zilizomo kwenye IST na gari nyingi ndogo za Toyota hutumia cheni, na ukibadilisha oili kwa wakati (kiasi cha lita 3.7 pamoja na filta) cheni hudumu sana. Injini ya 3S-FE iliyomo kwenye Noah za zamani na baadhi ya RAV4 hutumia mkanda wa taimingi, ambao hubadilishwa kila kilomita 100,000. Kama hakuna ushahidi kuwa umebadilishwa, hesabu kuwa haukubadilishwa. Noah zilizofuata zenye D4, yaani injini inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, hutaka petroli safi na fundi anayeijua pampu yake, la sivyo hutetema na kuzimika. Na gari yenye gia boksi ya CVT, yaani otomatiki isiyo na gia za hatua, isitiwe haidroliki ya kawaida, hata lita moja ya kuongezea. Gia boksi nyingi zinazosemwa kuwa ni "mbovu tangu zilipokuja" zimeuliwa hapa hapa kwa kosa hilo.

Gari ya mkononi ikaguliwe asubuhi, kabla haijawashwa. Shika boneti kwanza. Ikiwa ina joto, basi imeshawashwa ili usiione tabia yake ikiwa baridi. Rudi siku nyingine. Fungua kifuniko cha oili: ukiona utando mweupe kama maziwa, huenda maji na oili vinakutana. Tazama rejeta. Maji ya visima vyetu hupita kwenye mawe ya chokaa, na yakitiwa humo kwa miaka huacha ukoko mweupe unaoziba njia, kisha injini huchemka ukiwa kwenye foleni. Unachotaka kuona humo ni kulanti yenye rangi safi. Washa, na mtu mwingine asimame nyuma: moshi wa buluu ni oili inayoungua, mweusi ni petroli iliyozidi, na mweupe usiokatika hata injini ikipata moto ni maji yanayoingia ndani.

Kisha lala chini, kweli ulale, na tochi. Gonga vizingiti na fremu kwa mpini wa bisibisi. Chuma kizima hujibu kwa sauti kavu na kali. Kilicholiwa kwa ndani hujibu bubu, na vipande vya kutu hukudondokea usoni. Pitisha sumaku ndogo iliyofungwa kwenye kitambaa juu ya matao ya matairi na chini ya milango. Ikiteleza bila ya kushika, chini ya rangi kuna puti nene, na chini ya puti huenda kuna tundu. Angalia matundu madogo ya kutolea maji chini ya milango. Mchanga ukiyaziba, maji ya mvua hubaki ndani ya mlango na kuuozesha kimya kimya. Mabomba ya breki yaliyochubuka na kuvimba kutu ni sababu ya kutosha kuondoka, au kupunguziwa bei kamili ya mabomba mapya yote. Yanapopasuka pedali huzama pale pale, na humo ndani wamo watoto.

Kama gari imewahi kulala kwenye maji ya masika, harufu hutangulia. Inua mazulia, papasa chini ya viti, tazama reli za viti na nati zake. Mkanda wa kiti nao uvute wote: matope makavu hukaa sehemu ambayo mwoshaji haifikii.

Ipande mlima. Pemba vilima si vya kutafuta. Unguja itabidi uzunguke kidogo. Gia boksi inayoteleza, yaani injini inanguruma na gari haiendi, hujificha kwenye tambarare na kujulikana kwenye mlima, hasa ikipanda kinyumenyume. Na aliyeko Pemba achague modeli ambayo kila gereji inaijua, maana spea isiyopatikana Chake itasubiri boti.

Hesabu ya fedha ijumuishe bei, usafiri, ushuru, usajili, bima, rodi laisensi, na kazi za mwanzo: oili zote, plagi, betri, breki, matairi. Tairi lisomwe tarakimu nne za ubavuni. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, na tairi la zamani hupasuka hata kama meno yake ni mapya. Kwa anayekwepa riba ipo murabaha, ambapo benki huinunua gari na kukuuzia kwa faida inayotajwa mapema. Uliza mapema kama wanakubali gari iliyotumika na ya umri gani. Anayetaka kuivusha gari ya Z kwenda Bara baadaye aulize mamlaka za mapato, ZRA ya Zanzibar na TRA ya Tanzania, kabla ya kununua, kwani kuna taratibu na huenda kuna malipo.

Kadi ya gari iwe ya asili na jina lililomo liwe la anayekuuzia. Dalali akisema mwenyewe yuko Oman au Dubai, taka wakala wa maandishi, na uthibitishwe na wakili. Hakikisha hakuna deni la rodi laisensi na kwamba gari haijawekwa dhamana benki. Mkataba uandikwe namba ya chesesi na ya injini, kilomita za siku hiyo, na mashahidi wa pande mbili, na sehemu ya fedha ibaki mkononi mwako mpaka kadi itoke kwa jina lako.