Somo: Kupiga mchanga chuma kwa mashine, kuanzia kwenye hewa

Wakuu, kazi hii ni kupuliza chembe ngumu kwa hewa ya shinikizo ili kung'oa kutu na rangi kwenye chuma; jina linasema mchanga, lakini mchanga wenyewe hatuutumii, kama utakavyoona Hatua ya 2. Wengi wanaotaka kuanza huuliza kwanza mtungi gani wa kubebea chembe wanunue, au kabati gani, yaani sanduku la kufunga la kupigia vipande vidogo. Mimi nawauliza: kompresa yako inatoa lita ngapi za hewa kwa dakika? Mtungi, vali, mpira na nozeli ni vitu vyepesi kuvielewa. Kazi inafanywa na hewa, na hewa ikiwa haba au ina maji, hata mashine ghali itakuaibisha.

Hatua ya 1: Hewa

Nozeli yenye tundu la milimita 6.4 ikifanya kazi kwa bar 7 inakula takriban lita 2,300 kwa dakika. Kompresa ndogo ya gereji, ya nguvu farasi 3, hutoa kama lita 300 tu. Ndiyo maana mtu anapuliza sekunde chache, shinikizo linaanguka, anakaa kusubiri tangi lijae. Mwenye kompresa hiyo atumie kabati dogo lenye bunduki ya kunyonya, ambayo huvuta chembe yenyewe kwa mkondo wa hewa, asafishe vipande vidogo na awe na subira. Mtungi wa shinikizo auache kwanza.

Mpira nao uwe mpana: kipenyo chake cha ndani kifike mara tatu hadi nne ya tundu la nozeli. Pima shinikizo pale karibu na nozeli, kwa sababu geji ya kwenye tangi haikuonyeshi kilichopotea njiani. Kisha weka kichujio cha kutenganisha maji. Kabla ya kuanza, puliza hewa tupu kwenye kitambaa cheupe kwa dakika moja. Kikiloa au kikishika doa la mafuta, simama urekebishe.

Hatua ya 2: Unapuliza nini?

Mchanga wa mto au wa ufukweni usiutumie kabisa. Punje zake zikigonga chuma hupasuka na kuwa vumbi la silika, laini kiasi kwamba hulioni, nalo likiingia kwenye mapafu huacha makovu. Ugonjwa huo, silikosisi, hauna tiba. Uingereza iliupiga marufuku mchanga wa aina hiyo katika kazi hii kwa kanuni za mwaka 1949, na mwaka 1974 taasisi ya Marekani ya afya kazini, NIOSH, ikapendekeza hivyohivyo. Nalisisitiza hili kwa sababu bado kuna vijana wanafanya kazi hii wakiwa wamejifunga fulana usoni.

Kwa kutu na rangi kuukuu kwenye chuma cha kawaida, garneti, yaani punje za madini magumu, inatosha. Oksidi ya alumini ni ngumu zaidi na inarudiwa mara kadhaa. Chenga za chuma hurudiwa mara nyingi sana, lakini zikae pakavu, zisipate kutu. Vigololi vya kioo havikwangui kwa nguvu; huacha uso laini wenye mng'ao uliofifia, vizuri kwa alumini na chuma kisichoshika kutu. Hicho cha mwisho usikipige kwa chenga za chuma: zinaacha chembe juu yake, na chembe hizo ndizo zitakazoota kutu.

Hatua ya 3: Toa mafuta

Osha grisi kwa kiyeyusho kabla. Kupuliza hakuondoi mafuta, kunayasambaza tu.

Hatua ya 4: Jikinge

Vaa helmeti inayoletewa hewa safi, yenye kichujio cha hewa ya kupumua. Usiunge tu mpira wa kompresa yoyote, maana kompresa iliyopata joto kali inaweza kutoa monoksidi ya kaboni. Ziba masikio. Mpini wa nozeli uwe ule unaokata hewa ukiuachia, na usiufunge kwa waya hata siku moja. Mtungi na kazi yenyewe viunganishwe na ardhi, kwani mpira hutengeneza umeme tuli.

Hatua ya 5: Piga

Shika nozeli sentimita 15 hadi 45 kutoka kwenye chuma. Kwa kutu na rangi ilaze kidogo. Kwa ganda jeusi linaloshika chuma kipya kikitoka kiwandani, isimamishe karibu wima. Tembeza mkono, usigande sehemu moja.

Hatua ya 6: Kagua, paka

Kazi nyingi za rangi nzito hudai kiwango cha Sa 2½ cha ISO 8501-1, kipimo cha kimataifa cha usafi wa chuma: uso unakaribia weupe wa chuma kitupu, yamebaki madoa hafifu tu. Puliza vumbi, usiguse kwa mkono mtupu, upake praima, rangi ya kwanza ya kushikia, ndani ya saa chache. Joto la chuma liwe angalau nyuzi 3 za Selsiasi juu ya kiwango cha umande, yaani joto ambalo unyevu wa hewa huanza kuwa matone, na unyevu wa hewa usizidi asilimia 85.

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, nozeli yangu inakohoa, inatoa kwa vipande vipande. Shida nini?
Jibu: Mara nyingi ni unyevu ndani ya mtungi, au vali ya chini ya mtungi, inayotoa chembe, umeifungua mno. Kausha, kisha fungua kidogo kidogo mpaka uone mkondo hafifu ulio sawasawa.

Swali: Naweza kupiga bodi ya gari?
Jibu: Kwa tahadhari. Bati jembamba hujikunja kwa sababu mapigo yanautanua uso wa upande mmoja. Tumia chembe za plastiki au magadi soda, kwa shinikizo dogo. Magadi uyasafishe kabisa, yakibaki rangi itabanduka.

Swali: Garneti iliyokwisha kutumika niirudie?
Jibu: Ichekeche, utoe vumbi, uirudie. Kama ulikuwa unatoa rangi yenye risasi, usiirudie. Ifunge kama taka ya sumu.

Swali: Nozeli nibadilishe lini?
Jibu: Tundu likipanuka kwa milimita 1.6. Kwa nozeli ya 6.4, jaribu kuingiza biti ya drili ya milimita 8. Ikipita, nozeli itupe: sasa inataka karibu lita 3,900 kwa dakika, na kompresa yako ulinunua kwa 2,300.