Jinsi ya kuandaa ripoti ya utafiti kabla ya kuipeleka kwenye duka la uchapaji la chuo, Tanga

Mwanafunzi anayepanda daladala kutoka Chumbageni au Ngamiani kwenda chuoni akiwa na flashi mfukoni huamini kwamba kazi iliyobaki ni ya mashine tu. Nimepanga foleni kwenye dirisha la uchapaji mara nyingi, na nimeona kwamba ripoti nyingi huharibikia nyumbani, kwa sababu faili hupelekwa likiwa bado la Word. Kompyuta ya duka isipokuwa na fonti uliyotumia, huweka nyingine badala yake, mistari ikasogea, na jedwali lililokaa vizuri ukurasa wa 34 likakatika katikati, huku namba zilizo kwenye yaliyomo zikiwa hazilingani tena na kurasa zenyewe. Hifadhi kazi katika PDF, ambayo kwa kawaida hubeba fonti zake, kisha ifungue kwenye simu na uipitie ukurasa kwa ukurasa.

Kabla ya hapo, hakikisha ukubwa wa karatasi ni A4, yaani milimita 210 kwa 297, kwani baadhi ya programu huja zikiwa zimewekwa saizi ya Kimarekani, ambayo ni pana kidogo na fupi zaidi. Pambizo ya kushoto iwe kama sentimita 4 iwapo ripoti itajalidiwa kwa jalada gumu, maana mshono humeza sehemu ya karatasi. Mwongozo wa chuo chako ukitaja kipimo kingine, fuata huo.

Ugomvi wa bei huanzia kwenye maneno mawili: ukurasa na karatasi. Kurasa 80 zikichapwa pande mbili hutumia karatasi 40, lakini wino unaotumika ni ule ule wa kurasa 80, ndiyo maana si haki kutegemea bei ishuke nusu. Uliza mapema duka linahesabu kipi.

Rangi ndiyo huwahuzunisha wengi. Kioo cha simu hutengeneza rangi kwa mwanga, ilhali printa huchanganya wino wa samawati, majenta, manjano na mweusi, kwa hiyo bahari ya Raskazone inayong'aa kwenye picha yako itatoka imefifia kidogo hata mashine ikiwa nzima. Picha iliyopitia WhatsApp huwa imepunguzwa. Tumia ile ya asili, ukikumbuka kwamba kwa uchapaji mzuri wa nukta 300 kwa inchi, picha yenye upana wa pikseli 1200 inatosha sentimita 10 tu. Mwandikie mhudumu kwenye kipande cha karatasi: rangi, ukurasa wa 12, 27 na 41, nyingine zote, nyeusi. Utaokoa fedha nyingi kwa mstari huo mmoja.

Wakati wa masika hewa yetu ya pwani huwa na unyevu mwingi, na karatasi huunyonya, ikajikunja na kukwama mashineni, au zikapita mbili kwa pamoja. Ukija na rimu yako ya karatasi 500, ifunguliwe pale pale dukani.

Omba kwanza zichapwe kurasa mbili za majaribio, mmoja wenye jedwali na mwingine wenye picha. Dada wa mashine anaweza kununa kidogo foleni ikiwa ndefu, lakini ni afadhali anune kuliko kurudia nakala nne. Usiruhusu kujalidi kabla msimamizi hajatia sahihi kwenye ukurasa wake, kwa kuwa ukurasa huo haupachikiki kwa urahisi baadaye. Jalada gumu huhitaji muda wa gundi kukauka, basi usilipeleke asubuhi ya siku ya kukusanya kazi.

Hesabu kurasa za kila nakala ukiwa bado dirishani, ukitazama kama kuna uliogeuzwa juu chini au uliotoka mtupu. Kisha mwombe mhudumu afute faili lako kwenye kompyuta, pamoja na lile lililobaki kwenye pipa la taka la kompyuta hiyo, hasa kama ripoti ina majina ya watu uliowahoji.