Kabla ya Kuomba Nafasi katika Chuo Kikuu Chenye Mchujo Mkali

Mwanafunzi wa kidato cha sita hapa Uganda anayefikiria kuomba nafasi katika vyuo vikuu vya Marekani kama Harvard, Yale au MIT atambue kwanza kwamba kalenda yetu na kalenda ya vyuo hivyo haziendi pamoja. Mitihani ya UACE, ile ya kumaliza kidato cha sita, hufanyika Novemba hadi Desemba, ilhali dirisha la kawaida la maombi hufungwa mwanzoni mwa Januari, kabla UNEB, baraza letu la mitihani, haijatangaza matokeo. Kwa hiyo mwombaji hupimwa kwa matokeo ya UCE, yaani mtihani wa kidato cha nne, ripoti za shule na alama ambazo walimu wake wanatarajia atapata. Anayependelea kusubiri matokeo hukaa nyumbani mwaka mzima, na wazazi wanapaswa kuujua mwaka huo na kuukubali mapema.

Ninapozungumza na mwanafunzi kuhusu jambo hili, humwomba aje na ripoti zake zote tangu kidato cha tatu. Kijana mmoja aliniletea zake ndani ya bahasha ya kaki: tatu hazikuwa na muhuri, na moja ilikuwa imelowa mvua hata alama ya hisabati haikusomeka. Alihangaika wiki mbili akienda na kurudi katika shule aliyokwisha kuhama, wakati wenzake wakirudia masomo ya mtihani. Barua za walimu nazo ziombwe muhula wa pili, kwa sababu mwalimu anayeombwa siku tatu kabla ya tarehe ya mwisho huandika sifa ambazo zingemfaa mwanafunzi yeyote. Mtihani wa SAT, wa Kimarekani wa kuombea nafasi vyuoni, ambao MIT iliurudisha kuwa wa lazima mwaka 2022 na Harvard mwaka 2024, uandaliwe wakati wa likizo.

Suala la fedha ndilo linaloeleweka vibaya zaidi. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst humchagua hata mwombaji wa kigeni bila kutazama uwezo wa familia yake, kisha humpa msaada kwa kiasi cha upungufu alio nao. Mtoto wa muuza ndizi wa Masaka hapunguziwi nafasi kwa kuomba msaada huo. Stanford haifanyi hivyo kwa wanafunzi wa kigeni: huzingatia ombi la msaada wakati wa kuchagua, na asiyeomba mwanzoni hawezi kuomba baadaye. Nimeona familia ikificha umaskini wake kwa kudhani inamsaidia mtoto, nami nasema kwa uchungu kwamba hilo ni kosa kubwa. Ada ya maombi yenyewe inaweza kusamehewa kwa asiyeiweza, na aombe bila kuona haya.

Halafu kuna suala la fani, ambalo kwangu lina uzito kuliko jina la chuo. Anayetaka kuwa daktari ajue kwamba Marekani humtaka amalize kwanza shahada ya miaka minne, kisha aombe upya shule ya udaktari, ambako nafasi za wageni ni chache na msaada wa awali haumfuati, ilhali Makerere humpokea moja kwa moja kutoka kidato cha sita kwa masomo ya miaka mitano. Kwa mtu huyo, sioni sababu ya kuhangaika na Harvard.

Kwa anayebaki na nia, Harvard huchukua chini ya waombaji 5 katika kila 100, na wengi wanaokataliwa wana alama nzuri kabisa. Majibu hutoka mwishoni mwa Machi, wakati ambapo matokeo ya UACE yamekwisha kutoka na familia inapaswa kuwa imeanza kukokotoa pointi za Makerere, ambako masomo ya lazima kwa kozi huzidishwa kwa 3 na yale yanayohusiana nayo kwa 2. Basi ada ya fomu ya Makerere itengwe tangu Desemba, isije ikaliwa na nauli za kufuatilia mihuri.