Jinsi ya kuendesha mafunzo ya ulinzi wa mtoto kwa watumishi wa afya

Mafunzo mengi huishia kwenye maana ya ukatili na aina zake. Watu wanaondoka na vyeti, lakini mtoto akiletwa na jeraha lisiloeleweka hakuna anayejua aanzie wapi. Mimi huyapanga hivi.

Hatua ya 1: Ita wote. Mlinzi wa getini na mhudumu wa mapokezi wamo. Wao huona mtoto anavyoshikwa kabla mzazi hajavaa uso wa kumwonyesha daktari.

Hatua ya 2: Zoeza macho. Mtoto anayetembea kuvilia damu ugokoni au kwenye paji la uso ni kawaida. Kichanga asiyetambaa, hata alama moja ni ya kuulizia. Vivyo hivyo alama za sikioni, shingoni na tumboni. Maji ya moto yakimwagika huacha michirizi. Mguu uliotumbukizwa huungua kwa mpaka ulionyooka kama wa soksi. Onyesha pia madoa ya bluu ya kuzaliwa kiunoni, maana hudhaniwa kipigo. Sikilizeni na maelezo: yanabadilika? Yanalingana na umri? Mbona wamechelewa kuja? Dalili moja haimhukumu mtu, ila inatosha kuuliza.

Hatua ya 3: Igizeni maswali, wawiliwawili. "Baba alikupiga?" linampa mtoto jibu mdomoni. "Niambie ilikuwaje," kisha nyamaza. Kunyamaza ndiko kunakowashinda wengi, kwa hiyo rudieni. Pigeni marufuku "sitamwambia mtu." Semeni: "Nitawaambia wanaoweza kutusaidia tu." Mkalimani asiwe ndugu.

Hatua ya 4: Andikeni. "Anaonekana kupigwa" ni maoni. "Alama nyekundu, sm 3, nyuma ya sikio la kushoto, mtoto amesema: 'Aliniminya'" ni kumbukumbu. Weka saa, sahihi na mchoro wa mwili.

Hatua ya 5: Taarifa. Shaka yenye msingi inatosha. Uchunguzi ni kazi ya ustawi wa jamii na polisi. Kwa ukatili wa kingono, tiba haisubiri karatasi: dawa za kuzuia VVU huanzwa mapema iwezekanavyo, ndani ya saa 72.

Kila mmoja aandike namba ya msimamizi wa ulinzi wa mtoto na ya msaidizi wake. Usiku wa siku hiyo ya mafunzo, piga zote mbili. Zisipopokelewa, hatua ya 5 bado haijaisha.